Jua la kutengenezwa na elektroni zinazokimbia bila breki

Huku Kinsevere, kilomita kama 30 kaskazini ya Lubumbashi, umeme ndio kila kitu. Mgodi wa MMG unatoa shaba kwa kupitisha umeme ndani ya matangi ya asidi. Umeme ukikatika, shaba haishiki kwenye bamba. Basi watu wakisikia habari ya fyusheni, lile "jua la kutengenezwa", wanauliza: itatufikia lini?

Si karibu. Na juu ya nini? Sababu ziko nyingi, lakini moja haisemwi sana.

Kusini mwa Ufaransa nchi nyingi zinajenga mashine inayoitwa ITER. Ndani yake gesi ya hidrojeni itachemshwa hadi digrii milioni 150, iwe plasma, na umeme wa amperi milioni 15 upite humo. Siku plasma hiyo ikivurugika, inapoa ghafla, na hapo inazuka nguvu kubwa inayosukuma elektroni. Sasa elektroni ina tabia yake: ikizidi mbio, inagongana kidogo zaidi na zingine. Ni kamioni iliyokatika breki, na barabara yenyewe inazidi kuteleza! Inakaribia mwendo wa mwanga, inagonga zingine, nazo zinakimbia.

Zikipiga ukuta pahali pamoja, zinayeyusha tungsteni. Nyuma ya tungsteni kuna aloi ya shaba (ndiyo, shaba) inayopozwa kwa maji. Likitoboka hilo, maji yanaingia ndani na kazi inasimama.

Dawa waliyochagua ITER ni kurusha vipande vya barafu ya hidrojeni na neoni ndani ya plasma. Kwenye mashine ya JET, Uingereza, iliyofungwa Desemba 2023, walijaribu kurusha deuteri: elektroni zikatawanyika, ukuta haukuumia. Ni habari njema kabisa. Lakini umeme wa JET ulikuwa mdogo sana kuliko wa ITER, na umeme ukiongezeka, elektroni hizi zinazaana mara nyingi mno. Kwa hiyo jaribio lenyewe bado.

Mpango uliotangazwa 2024 unasema ITER itaanza kuchoma mafuta yake kamili, deuteri na triti, mwaka wa 2039. Hata hapo haitapeleka umeme kwa nyumba ya mtu. Sisi tunaendelea na maji ya Nzilo, Nseke na Mwadingusha, na laini ya Inga inayosafiri kilomita karibu 1,700 mpaka Kolwezi. Pesa ya kuzitengeneza inatakiwa sasa.