Utabiri wa Msimu Hauaniki Karafuu

Safu ya PEPO ZA KWETU
Na Asha Hamad Shaame

Karafuu mbichi huhitaji jua la siku nne, tano, pengine wiki nzima, kabla haijafaa kupelekwa kituoni. Ikinyeshewa katikati, rangi inaharibika, ukungu unaingia, na karafuu iliyokuwa iuzwe daraja la kwanza inashuka bei huku mwenyewe anaiangalia. Mkulima wa Wete aliyekwisha kulipa wachumaji na kutandika majamvi uwanjani ana swali moja tu la hali ya hewa: kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo kutakuwaje? Kuambiwa kwamba vuli ya mwaka huu itakuwa ya wastani hadi juu ya wastani katika pwani ya kaskazini hakumsaidii kuamua aanike au aanue.

Lakini hilo ndilo analolisikia kwanza, na kwa sauti kubwa kuliko yote. Kila mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huwaita waandishi na kutangaza mwelekeo wa msimu, nasi magazetini huupa nafasi ya heshima. Taarifa za siku kumi zipo pia, na za siku tano, na za kila siku. Hizo hupita kimya. Na mara nyingi huvitaja visiwa vya Unguja na Pemba kwa pumzi moja na Tanga, Dar es Salaam, Pwani na Mafia, kana kwamba wingu lililosimama Handeni lina habari na Micheweni.

Ninachodai wiki hii ni taarifa ya mvua ya wiki kwa ajili ya visiwa hivi peke yake. Itenganishe Unguja na Pemba, itenganishe magharibi na mashariki, itoke siku ileile kila wiki, na ianze kwa kutueleza ile ya wiki iliyopita ilisadifu wapi na ilikosa wapi.

Sisemi utabiri wa msimu ni bure. Una kazi yake, ila wengi wetu hatukuelezwa vyema kazi hiyo ni ipi. Wataalamu huchukua mvua za msimu kwa miaka kama 30 na kuzigawa mafungu matatu yaliyo sawa: miaka ya mvua chache, miaka ya kawaida na miaka ya mvua nyingi. Bila ya kujua chochote, kila fungu lina nafasi ya theluthi moja. Bahari ya Hindi upande wetu ikiwa na joto kuliko kawaida yake huku upande wa Sumatra ukiwa umepoa kuliko kawaida, au El Niño ikiwa imeshika kule Pasifiki, fungu la mvua nyingi huongezewa uzito. Tuseme nafasi yake inapanda hadi 45 katika 100. Hapo ndipo tunaposikia kwamba mvua zitakuwa juu ya wastani. Anayeshika kalamu atagundua kwamba bado kuna nafasi 55 katika 100 za kuwa vinginevyo. Waziri anayepanga bajeti ya mbegu au ya mitaro anaweza kuifanyia kazi tofauti hiyo ya theluthi na 45. Mwenye majamvi mawili ya karafuu hawezi.

Tena msimu mzima unaweza kuwa wa mvua nyingi na ndani yake mkawa na wiki tatu kavu zinazoua mpunga uliokwisha kuchipua. Msimu mwingine unaweza kuhesabiwa kuwa wa mvua chache, na bado usiku mmoja wa Aprili ukazamisha Sebleni na Jang'ombe. Mwaka 1997, 2019 na 2023 vuli ilikuja na nguvu kubwa Afrika Mashariki, na katika miaka hiyo ishara ya baharini ilionekana mapema. Lakini hata katika vuli za namna hiyo watu wa pwani walikuwa na siku za jua za kuanika na siku za kukimbilia ndani. Ni nani aliyewaambia zipi ni zipi?

Sayansi ya wiki moja ipo. Tangu 1971, wataalamu wawili wa Marekani, Roland Madden na Paul Julian, walipoeleza mwendo wa kundi kubwa la mawingu na mvua linalosafiri kutoka Bahari ya Hindi kwenda mashariki na kuzunguka dunia kwa siku 30 hadi 60, watabiri wa nchi za joto wamepata kitu cha kushika kati ya utabiri wa kesho na utabiri wa msimu. Kundi hilo likiwa upande wetu wa bahari, mvua zetu hupata nguvu. Likishapita, mara nyingi hufuata siku za ukavu hata katikati ya masika. Kompyuta kubwa za dunia hulifuatilia kila siku, na watabiri wetu wanayapata matokeo yake. Kinachokosekana ni hatua ya mwisho: kuyachukua matokeo hayo, kuyatazama kwa jicho la mtu anayevijua visiwa, na kuyaandika kwa lugha ya mchuma karafuu, mwanamke wa mwani, mkulima wa mpunga na nahodha.

Jicho hilo linahitajika kwa sababu visiwa hivi havinyeshewi sawa. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Kwa wastani ni kama milimita 1,900 kwa mwaka dhidi ya kama 1,600. Ndani ya Unguja yenyewe, magharibi yenye udongo mzito na minazi hupata zaidi kuliko uwanda wa mashariki, ambako udongo ni kiganja tu juu ya jiwe la matumbawe na maji hupotea chini mara yanapoanguka. Mtu wa Bumbwini na mtu wa Michamvi wanaweza kuishi siku moja katika hali mbili.

Historia imetuonyesha hilo kwa ukali. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, jambo ambalo ni nadra sana kwa nchi iliyo karibu hivi na ikweta. Majahazi yalivunjwa bandarini na sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja ikang'olewa. Pemba, ng'ambo ya mkondo wa bahari wenye upana wa kilomita kama 50, ilisalimika. Tangu hapo Pemba ndiyo kisiwa cha karafuu. Uchumi wa visiwa viwili uligeuka kwa sababu ya upepo uliopita huku na usipite kule, na sisi bado tunaviandikia utabiri kama kitu kimoja!

Kuna sababu ya kitaalamu inayotuumiza zaidi, hasa Pemba. Rada ya hali ya hewa ya Dar es Salaam iko karibu na Unguja, lakini Wete iko kama kilomita 200 kutoka hapo. Dunia ni mviringo na mwale wa rada hutoka umeinuka kidogo, kwa hiyo ukifika huko unakuwa umepanda juu, kama kilomita nne kutoka usawa wa bahari. Mvua nyingi za asubuhi zinazotoka baharini huanzia katika mawingu ya chini. Mwale unaweza kupita juu yake usione kitu, na mkulima akalowa. Pale rada isipofika, kinachobaki ni vipimamvua, na vipimamvua vinavyosomwa kila siku na kutumwa kwa wakati ni vichache mno kwa nchi yenye vilima na mabonde kama Pemba.

Twende Paje na Jambiani. Kilimo cha mwani kilianza kwa biashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na kinaendeshwa zaidi na wanawake. Wao hufuata bamvua: maji yakikupwa sana ndipo huingia kufunga mbegu na kuvuna. Tarehe za bamvua zinajulikana miaka mbele. Mvua haijulikani. Wakivuna na siku mbili baadaye ikanyesha, maji baridi huuosha mwani uliotandazwa, unapauka na kuanza kuoza, na mnunuzi anaukataa. Kazi ya nusu mwezi inakwenda na mawingu ya asubuhi moja. Taarifa ya wiki ikiwakuta mapema, anayepanga kuvuna bamvua hii anaweza kuuacha mwani kambani hadi bamvua ijayo, au akatafuta turubai. Huo ni uamuzi ambao hauwezekani kwa neno "juu ya wastani".

Bonde la Cheju lina habari yake. Sehemu kubwa ya mpunga wetu bado inangojea mvua ya mbinguni, na trekta la kuchimba na kuburuga hupangiwa foleni. Mvua ya kwanza ya Machi ikidanganya, mkulima akapanda na kisha jua likawaka wiki mbili, mbegu imekwenda na foleni ya trekta imekwisha mpita. Kosa la siku kumi linamgharimu mwaka.

Mjini, nambari ya kushika ni milimita 50. TMA wakitahadharisha juu ya mvua kubwa husema itazidi milimita 50 katika saa 24, na tahadhari hiyo wengi huisikia bila ya kuipima. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Paa la mita 100 za mraba, basi, litamwaga lita 5,000 siku hiyo, yaani matangi matano ya lita elfu moja, kutoka nyumba moja. Zidisha kwa nyumba zote za Kwahani na uone mtaro unaombwa ubebe nini. Maji hayo yakishindwa kutoka huingia mashimo ya vyoo, hutoka na uchafu, hushuka katika mwamba wenye matundu hadi visimani. Kipindupindu cha 2015 na 2016 hatujakisahau. Manispaa ikijua Ijumaa kwamba Jumanne na Jumatano zina nafasi kubwa ya mvua nzito, kuna siku tatu za kuzibua mitaro, na masheha wana siku tatu za kuhimiza maji ya kunywa yachemshwe.

Kuna watakaoniambia kwamba watu hawasikii. Mei 2024 inawajibu. Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaelekea pwani yetu, TMA walisema kiko wapi, kina nguvu gani, kinakuja lini na ni pwani zipi ziwe macho, na walirudia mara kwa mara hali ilivyobadilika. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, na wavuvi wengi wakavuta vyombo vyao juu. Tarehe 4 Mei kikafika karibu na Mafia na kudhoofika. Watu walisikia kwa sababu waliambiwa mahali na saa. Bahari iliyoichukua boti ya abiria MV Skagit karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katika upepo wa kusi, ilitufundisha thamani ya habari ya namna hiyo kwa bei ambayo hakuna anayetaka kuilipa tena.

Wapo pia wazee wanaosema kwamba walikuwa na miongo yao, na wana haki ya kusema. Kalenda ya jua inayoanza na Nairuzi, ile ambayo Makunduchi huisherehekea kwa Mwaka Kogwa, huhesabu siku kwa makumi, na kwa karne nyingi mabaharia na wakulima wameijulia kaskazi, kusi na wakati wa kupanda. Naiheshimu, na ningependa wanaoandika taarifa ya wiki wakae na wazee wa Nungwi na Kojani wasikie wanayaonaje mawingu. Ila kalenda hiyo imejengwa juu ya bahari iliyokuwa na tabia ya kurudia. Bahari ya leo ina joto zaidi. Wanawake wa mashariki wameona aina ya mwani wenye bei nzuri ikifa katika maji ya kina kifupi yaliyokuwa yakiufaa. Mwongo unatwambia wakati wa mvua umefika. Hautwambii mvua ya safari hii imechelewa kwa siku kumi na mbili.

Kuhusu kuaminiwa, dawa ninayoiona ni moja, nayo ni uwazi. Utabiri wa mvua ni nafasi, na nafasi hukosa. Mtu akiambiwa mara tatu kutanyesha na isinyeshe kwake, anaacha kusikiliza, hata kama ilinyesha kijiji cha pili. Achapishiwe kila wiki: tulisema hivi, vipimo vikaonyesha hivi, Mkoani milimita kadhaa, Konde kadhaa, Makunduchi hakuna. Baada ya masika mawili atajua mwenyewe ni siku zipi za kuuamini utabiri, na watabiri nao watajua wanakosea wapi.

Gharama yake haitishi. Watabiri tunao, na matokeo ya kompyuta yanakuja kila siku. Yanayotakiwa ni vipimamvua katika skuli na shehia, mtu wa kuvisoma, na mwandishi anayejua tofauti ya Cheju na Jambiani. TMA, Wizara ya Kilimo ya Serikali ya Mapinduzi na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa wakae meza moja kabla ya masika yajayo na waanze, hata kwa ukurasa mmoja, usomwe redioni kila Ijumaa baada ya habari za mchana na ubandikwe bandarini, sokoni na kwenye vituo vya karafuu.

Nanyi walimu na masheha mnaoisoma safu hii, msingoje barua kutoka juu. Chukueni chombo chenye kuta zilizonyooka, kiwekeni mahali pa wazi mbali na miti na paa, kipimeni kwa rula saa tatu asubuhi kila siku, mwageni maji, andikeni tarehe na milimita. Mwisho wa mwezi leteni nakala katika ofisi ya gazeti hili. Nitazichapisha hapa, shehia kwa shehia, pamoja na utabiri uliokuwa umetolewa.