Katauti hakuwa mume wa staa tu

Ndugu mwandishi, ahsante kwa makala, ila Hamad Ndikumana 'Katauti' umempunja. Kumtaja kama aliyekuwa mume wa mwigizaji wa Tanzania Irene Uwoya kisha ukapita, si haki. Katauti alizaliwa Bujumbura mwaka 1978, akawa beki na nahodha wa Amavubi, timu ya taifa ya Rwanda, akacheza soka la kulipwa Ubelgiji na Cyprus. Alikuwamo kikosini Tunisia 2004, fainali za kwanza za Afrika kwa Rwanda, tulipoifunga DR Kongo 1-0. Hapa Nyarutarama, Kigali, kila mtoto alitaka kuwa mshambuliaji. Yeye ndiye aliyetufanya baadhi yetu tugombee namba ya beki!

Kinachoniuma zaidi ni ukocha wake. Mwaka 2017 alikuwa msaidizi wa Olivier Karekezi, mwenzake wa Amavubi, pale Rayon Sports. Beki huuona mchezo wote ukiwa mbele yake, na kwa hilo naamini angefika mbali. Akafariki Novemba 15 mwaka huohuo, ana miaka 39 tu.

Viongozi wa shirikisho letu la soka, FERWAFA, tafadhali, yapeni mashindano ya vijana jina lake wakati waliocheza naye bado wapo.