Kuipima Sauti Kabla ya Kuirekodi

Wasomaji kadhaa wametuuliza iko wapi rekodi ya usiku ule alipotutembelea mzee wetu kutoka Unguja, ambaye sasa ametangulia mbele ya haki. Marehemu alitusimulia kwa zaidi ya saa nzima habari za ujana wake, majahazi yalipokuwa yakiingia bandari ya Malindi na upepo wa kaskazi, kisha akaongoza kasida kwa sauti ambayo ukumbi wetu wa kukodi haujapata kuisikia. Rekodi ipo, lakini imeharibika. Kila pahala mzee alipopandisha sauti, maneno yamegeuka mkwaruzo kama wa bati linaloburutwa sakafuni. Kosa ni letu sisi tuliokaa kwenye meza ya miksa, wala si la mashine, na safu ya mwezi huu tumeiandika kwa ajili ya vijana watakaoipokea meza hiyo.

Umeme utokao katika kipaza sauti cha mkononi ni mdogo mno, sehemu chache tu katika elfu za volti moja, ilhali ule wa simu au kinanda ni mkubwa mara nyingi zaidi. Kazi ya kifundo cha juu katika kila njia ya miksa, kile kilichoandikwa GAIN au TRIM, nasi tutakiita geini, ni kuukuza umeme huo mpaka ufikie kiwango kinachoifaa mashine. Ukikuzwa kidogo mno, sauti huzama katika mvumo wa mashine yenyewe, na mtu akiipandisha baadaye mvumo nao hupanda. Ukikuzwa kupita kiasi, mawimbi ya sauti hugonga dari, yakakatwa vilele. Kilele kilichokatwa hakirudi. Zipo programu za kompyuta zinazokisia umbo lake na kuziba pengo, nasi tumezijaribu. Hupunguza ukali wa mkwaruzo, lakini sauti aliyoitoa mzee haimo tena ndani ya faili.

Jioni ile tulimwita kijana mmoja ajaribu kipaza sauti. Kwa haya yake akanong'ona moja, mbili, tatu, nasi tukazungusha geini mpaka akasikika vizuri. Alipokuja mzee, mwenye kifua cha mtu aliyezoea kuwaita watu wa chomboni naye yuko pwani, taa nyekundu ikawaka. Tuliiona. Tukashusha kile kitufe cha chini kinachoteleza, ukumbi ukapoa, tukajipongeza. Lakini kitufe hicho kiko baada ya geini. Sauti ilikuwa imekwisha kukatwa kabla haijakifikia, na tulichopunguza ni ukubwa wa mkwaruzo tu. Akina mama upande wa pili wa pazia waling'amua mapema. Walimtuma mtoto mara mbili kutwambia, nasi mara zote mbili tukamwambia akakae.

Ilivyotupasa kufanya ni hivi. Geini ianze chini kabisa. Mwenye kusema awe ni yule yule atakayesema, si mtoto wa jirani, naye aombwe kwa adabu atoe sauti yake kubwa, kipaza sauti kikiwa mbele ya kinywa kwa kiasi cha shubiri moja au pungufu. Bonyeza kitufe chenye herufi PFL, ili mita ionyeshe njia hiyo peke yake. Zungusha geini polepole mpaka maneno ya kawaida yacheze karibu na sifuri, na ya nguvu yapande kidogo juu yake bila kuiwasha taa nyekundu. Hapo ndipo kitufe cha kuteleza kipelekwe kwenye alama yake ya sifuri. Ikiwa msemaji anasikika kwa mbali, msogezee kipaza sauti kabla ya kugusa geini. Umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua takriban desibeli 6, na geini inayofidia upungufu huo huleta pamoja nayo mwangwi wa ukumbi na vikombe vya chai.

Kuna jambo lililotuponza zaidi. Sifuri ya miksa ya kawaida ina nafasi juu yake, lakini sifuri ya kinasa sauti cha kidijitali ndiyo dari yenyewe. Sisi tulidhani sifuri ni sifuri. Katika kinasa sauti, maneno ya kawaida yaachwe karibu na -18, na vilele visipite -10.

Matari nayo yapewe kipaza sauti chao. Pigo la tari hupanda na kushuka upesi kuliko mshale wa mita unavyoweza kufuata, basi mshale utaonyesha salama ilhali kilele kimekwisha katwa. Hapo itazameni taa.

Binti wa marehemu tumempelekea rekodi kama ilivyo. Ametujibu kwamba dakika saba za mwanzo, kabla mzee hajachangamka, zinasikika sawasawa, na kwamba wajukuu wamekwisha kuzihifadhi kwa moyo. Ikiwa yupo miongoni mwenu aliyerekodi kwa simu usiku ule, hata kama alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, tunamwomba atuletee.