Kompyuta Kuukuu Isitupwe, Vijana Waiunganishe



Ndugu wazazi na wanafunzi, zipo nyumba na madrasa hapa Gashoho, na kote Muyinga, ambako kompyuta ya zamani yenye skrini nene imefunikwa shuka pembeni. Inawaka, lakini tunaambiwa haifai kwa kuwa haiingii kwenye intaneti. Sisi tunasema: kabla ya kuiuza kama chuma chakavu, wapeni vijana waiunganishe kwa mikono yao.

Jambo hili linawezekana. Nyuma ya kompyuta nyingi za zamani kuna tundu la pini 9 lililokuwa la modemu ya simu. Siku hizi kuna kibao kidogo kiitwacho ESP8266, chenye waifai, ambacho bei yake ni ndogo sana kuliko ya simu. Kijana anakiwekea programu ya bure ya modemu, kama Zimodem, na kompyuta inadhani imepata modemu ya zamani. Anafungua HyperTerminal, iliyokuja na Windows 95, 98 na XP, anaandika ATDT, na badala ya namba ya simu anaweka anwani ya kompyuta ya mbali. Intaneti yenyewe inatoka kwenye simu ya mzazi.

Lakini asiunganishe nyaya moja kwa moja! Tundu lile linaweza kutoa volti 12, na kibao kinataka 3.3 tu. Kitaungua. Katikati lazima pawe na chipu ya MAX3232 ya kupunguza umeme. Na skrini isifunguliwe kamwe, kwani ndani hubaki umeme mkali hata baada ya kuzimwa.

Wapo watakaosema, "Simu inafanya yote hayo, kwa nini tupoteze muda?" Ni kweli, simu inafanya kazi nyingi zaidi. Lakini simu inamfundisha kijana kutumia tu, na kazi hii inamfundisha kuelewa. Kwa mwendo wa biti 9600 zinapita herufi 960 hivi kwa sekunde. Ukurasa wa maandishi unafika kwa sekunde mbili, lakini picha moja ya simu ingechukua zaidi ya nusu saa. Mzazi anayehofia picha chafu akae hapo karibu, asome mstari kwa mstari pamoja na mwanawe. Ni wangapi kati yetu tunaokaa hivyo na watoto wetu wanaposhika simu?

Tuseme ukweli pia juu ya upungufu wake. Tovuti nyingi za leo hufunga mawasiliano kwa siri, na mashine hii haiwezi kuzifungua bila kompyuta nyingine ya kuisaidia katikati. Maneno yake husafiri wazi kama postikadi. Kwa hiyo nywila, mambo ya fedha na siri za watu visipite humo. Siri ni amana.

Tusidharau mashine ndogo. Mwaka 1982 huko Kuwait, Mohammed Al-Sharekh alianzisha kampuni ya Al Alamiah, iliyotoa kompyuta za nyumbani za Sakhr zenye herufi za Kiarabu. Kampuni yake ikaendelea hadi kutengeneza programu za Qur'ani na Hadithi. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Mfalme Faisal kwa kuutumikia Uislamu, na akafariki mwaka 2024. Allah amrehemu. Kompyuta zake zilikuwa za aina ya MSX, na hadi leo wapo wapenzi wa MSX wanaoziunganisha na intaneti kwa vibao vya namna hiihii.

Allah (S.W.) ametukataza israfu katika Suratul A'raf, aya ya 31. Chombo kinachoweza kumfundisha mtoto kikiozea stoo, je, hiyo si israfu? Na mtoto anayejua mlango umejengwaje, anajua pia jinsi ya kuufunga.

Basi likizo ijayo, wazazi, toeni shuka hilo. Mtafuteni fundi redio wa jirani awasimamie vijana katika kuchomea nyaya, nanyi mkae hapo hapo mpaka mstari wa kwanza utokee.

Wabillahi tawfiq.