Kuvu ya Mahindi Huanzia Chumbani, Si Mpakani

Machi 2021 Serikali ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu, kisha siku chache baadaye ikailegeza amri hiyo kwa masharti. Kelele zilisikika kila upande. Mimi nilijiuliza swali moja tu: wale watu 125 waliofariki mwaka 2004, wengi wao huko Makueni na Kitui, walikula mahindi ya nani?

Uchunguzi wa wakati ule ulionyesha kwamba waliougua, aghalabu, walikuwa wamekula mahindi ya shamba lao wenyewe. Yalihifadhiwa yakiwa na unyevu, tena ndani ya nyumba badala ya ghalani. Wala haukuwa uzembe. Mwenye njaa huvuna mapema, na anayehofia wezi hulaza magunia chumbani alalamo, sakafuni, ambamo hewa haipiti. Kuvu haihitaji mwaliko mwingine.

Sumu yenyewe, aflatoksini, huliharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Ugali ukiiva, sumu imo. Nao wanaomtupia ng'ombe mahindi yaliyooza wakidhani wameokoa kitu (ni wengi, na baadhi yao ni wasomi) huinywa katika maziwa.

Ndiyo maana naona mjadala wa mpakani ulitupotosha. Punje inapaswa kukaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, lakini mkulima mdogo ataupimaje? Ipo njia isiyo na gharama: tia chumvi kavu na mahindi katika chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, kisha uache kwa dakika chache. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi hayo bado mabichi. Yarudi juani, juu ya turubai na wala si juu ya udongo.

Shule nyingi hupokea mahindi kutoka kwa wazazi badala ya karo. Namsihi mwalimu anayeyapokea awe na chupa hiyo mlangoni mwa stoo, na wanafunzi ndio wapime, kwani watakwenda kupima nyumbani pia. Magunia yawekwe juu ya vichanja, mbali na ukuta.

Lakini atakayekutwa na mahindi mabovu asiambiwe tu ayatupe. Mwaka 2004 Serikali iliyatwaa mahindi yenye sumu na kuwapa watu chakula kingine. Bila badala, mama ataambua punje zilizogeuka kijani, asage zilizobaki, na watoto watakula jioni hiyo hiyo.