Nani Anamtuma Mtoto Kununua Kanyanga?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wazazi wa Goma,

Katika Birere, Majengo na Ndosho watu hulalamika kwamba vijana wameharibika, wanalewa wangali na nguo za shule. Ni kweli. Lakini sisi tunauliza: mtoto huyo aliijulia wapi njia ya kwenda kwa muuza kanyanga?

Aliijulia katika kutumwa. Baba ametoka Rubaya na franka za koltani mfukoni, amechoka, anaketi, anampa mtoto wa miaka 12 chupa tupu: “Kimbia, ulete.” Mtoto anaonja njiani. Akifika miaka 15 hangoji tena kutumwa, na baba yule yule ndiye anayeshika fimbo!

Wakati wa Wabelgiji, mpaka katikati ya miaka ya 1950, Waafrika walio wengi walikatazwa pombe kali, kana kwamba ni watoto. Dharau hiyo ilichukiwa, na kwa haki. Lakini haki ya mtu mzima si ruhusa ya kumnywesha mwanawe. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yasema kila asiyetimiza miaka 18 ni mtoto, naye apaswa kulindwa.

Liko jambo gumu zaidi, tusilifiche. Mama wengi hupika kanyanga ili watoto wasome. Mwaka 2019 shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa za bure, sekondari sivyo. Basi mtoto analipiwa shule kwa pipa lile, na jioni ndiye anayechochea moto na kuonja kama imekolea. Hatumtukani mama huyo. Tunamuuliza mumewe: mshahara ulipitia nganda gani kabla ya kufika nyumbani?

Tena kanyanga si kileo tu. Huko Kenya, mwezi wa Mei 2014, makumi ya watu walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyokuwa na methanoli. Sumu hiyo haionekani katika chupa, wala ulimi hauitambui. Mtoto ataijuaje?

Tunawaomba wazazi wa kila avenyu wakutane Jumapili hii, baada ya misa na ibada, na wauzaji wawepo. Wakubaliane kwamba mtoto hapewi chupa, hata akitaja jina la baba yake. Baba akitaka kunywa, aende mwenyewe kwa miguu yake.