Mwanga Umezidi, Njia Haionekani

Kwenye vijiwe vya bodaboda, iwe Buguruni, Mbezi au Chalinze, kuna hoja moja isiyopata mpinzani: pikipiki isiyo na spotlaiti ni ya kutafutia kifo, na kadiri taa inavyozidi ukali ndivyo dereva anavyozidi usalama. Anayebisha huulizwa kama amewahi kutoka Chalinze kwenda Segera saa tano za usiku na taa ya kiwandani peke yake. Swali ni zuri. Imani iliyolizaa ndiyo mbovu.

Kwanza wapewe haki yao. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinazobeba abiria Afrika Mashariki zina balbu ya wati 35 tu mbele, wakati gari dogo lenye balbu za H4 lina wati 55 kila upande likiwa kwenye dimu. Isitoshe, katika pikipiki nyingi ndogo taa hiyo haili betri. Inalishwa moja kwa moja na koili ya stata, kwa hiyo dereva akiachia resi kwenye tuta, mwanga nao unasinzia na kugeuka rangi ya chungwa, pale pale ambapo watoto na mbuzi hupenda kuvukia. Anayekwenda maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, kununua taa ya pili hajaenda kutafuta sifa. (Wapo wa sifa pia, wenye taa za buluu zinazometameta kama ukumbi wa harusi, ila hao wanastahili makala yao.)

Tatizo linaanzia kwenye boksi. Juu yake pameandikwa wati 120, na ndani mna taa mbili zinazoenea kiganjani. Hesabu ya umeme haina siri: wati ni volti mara ampea. Taa za wati 120 kwenye mfumo wa volti 12 lazima zile ampea 10. Fundi mwenye mita aipime. Ikisoma ampea 2, mteja amenunua wati 24 na namba ya kuuzia. Na kusema kweli wati 24 za LED iliyotengenezwa vizuri si haba. Kinachosikitisha ni kwamba muuzaji na mnunuzi hubishania wati mpaka jua linazama, na hakuna anayeuliza mwanga wenyewe unaelekea wapi.

Hapo ndipo ukali unapomgeuka mwenyewe. Spotlaiti ya bei rahisi humwaga mwanga ovyo, na sehemu kubwa huangukia mita chache mbele ya tairi. Lami ya karibu inang'aa, dereva anafurahi kwamba sasa anaona. Jicho lake hujibu kwa kubana mboni, na mboni ikishabana, vitu vya mbali vilivyomfanya anunue taa vinazama zaidi gizani. Ni kama mtu aliyeketi barazani chini ya balbu kali akijaribu kumtambua anayekuja njiani: mgeni anamwona mwenyeji vizuri, mwenyeji anaona giza tu. Mwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa anasafiri karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka inakula mita 25, na breki nzuri kwenye lami kavu inakula kama 23 nyingine. Kuliona waziwazi shimo lililo mita 10 mbele hakumfai kitu.

"Wao wananimulika, na mimi nawamulika." Huo ndio utetezi wa pili, na una sura ya haki. Lakini anayepofushwa kwa kisasi hicho ni dereva wa lori la tani 30, na kwa kilomita 80 kwa saa sekunde zake mbili za upofu ni mita 44 za lori lisiloona. Bodaboda yuko ndani ya mita hizo.

Wajanja wamehamia kwenye lensi, zile taa ndogo zenye kioo cha duara zinazotoa mwanga wenye mkato wa juu. Ni hatua ya mbele, ila nyingi zina mtego ambao hakuna anayeutaja dukani. Mkato huo haunyooki. Unapanda upande mmoja ili kuonesha ukingo wa barabara. Taa iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, kama China, Rwanda, Burundi na Kongo, hupanda kulia. Tanzania, Kenya na Uganda zinaendesha kushoto, na kulia ndiko anakotokea mwenzako. Lensi inayofaa Bujumbura inageuka kero Morogoro, hata ikifungwa kwa ustadi wote.

Halafu inakuja mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja. Fundi akifunga taa pikipiki ikiwa tupu na kuilenga chini kidogo, kazi inaonekana safi. Kisha wanapanda abiria wawili, au gunia la mkaa linafungwa nyuma, na shokapu za nyuma zinabonyea. Tuseme zimebonyea sentimita 5 tu. Kutoka tairi hadi tairi pikipiki ya aina hii ina kama mita 1.3, kwa hiyo mwanga wote unainuka kwa kiasi kwamba, ukifika mita 25 mbele, umepanda karibu mita nzima. Taa iliyolengwa kwenye lami sasa inalenga macho ya mwenye gari dogo. Dereva hajagusa nati hata moja. Hata hajui, maana kwake njia bado ina mwanga, ila mwingi zaidi unapotelea kwenye miembe.

Wapo pia wa njano, wanaoapa kwamba rangi hiyo inapenya ukungu. Ufaransa iliamini katika taa za njano kwa zaidi ya nusu karne, hadi ilipoachana na sharti hilo mwaka 1993. Matone ya ukungu ni makubwa mno kubagua rangi. Yanatawanya njano kama yanavyotawanya nyeupe. Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto asubuhi ya ukungu akiwa amefunga taa juu kwenye usukani hujikuta ametazamana na ukuta aliojijengea mwenyewe, uwe mweupe au wa njano. Taa iliyofungwa chini, kwenye bampa, yenye mkato mkali wa juu, humpa walau ukingo wa lami.

Tuje kwenye waya, maana huko ndiko kunakoungua. Fundi wa kando ya barabara hufanya kazi yote kwa robo saa. Anafungua kichwa cha taa, anakwangua ganda la waya wa dimu kwa wembe, anasokotea juu yake waya mwembamba wa spotlaiti, anazungusha solotepu mara tatu. "Tayari, kaka, washa." Inawaka, na kijiwe kizima kinapiga mluzi. Lakini mzigo wa taa mpya sasa unapita kwenye waya na swichi zilizopimiwa balbu ya wati 35. Kama taa ya mbele inalishwa na stata, LED inatetemeka na haikai muda mrefu. Waya umepitishwa shingoni mwa usukani bila nafasi ya kucheza, na kila kona inautafuna. Baada ya miezi kadhaa taa inazimika kila dereva anapokata kulia. Huyo ana bahati. Asiye na bahati, waya wake wa moto umegusa fremu, na hakuna fyuzi ya kuukata.

Kufunga ipasavyo hakuhitaji chuo. Waya mnene unatoka kwenye chanya ya betri, unapita kwenye fyuzi iliyo karibu na betri kama upana wa kiganja, unaingia mguu wa 30 wa rilei na kutokea 87 kwenda kwenye taa. Mguu wa 85 unakwenda erthi. Wa 86 unakwenda kwenye swichi ndogo, nayo inachukua moto kwenye waya unaoamka pale tu ufunguo unapofunguliwa, kama ule unaolisha swichi ya breki. Taa za wati 40 zinakula ampea 3 na ushei, kwa hiyo fyuzi ya ampea 5 inatosha. Anayeweka ya 20 "ili isisumbue" ameufanya waya wenyewe kuwa fyuzi.

Na ile kauli ya "LED haili umeme" ipimwe kwa mita ya volti. Injini ikiwa kwenye resi ya safari na taa zote zinawaka, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikisoma 12.5, taa zinakula akiba, na asubuhi mwenye pikipiki atasukuma.

Je, taa za ziada hazina kazi? Zinayo, tena kubwa, ila si ile inayosifiwa vijiweni. Mwaka 2012 watafiti wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, walionesha kwamba gizani watu hukosea kukadiria mwendo wa pikipiki yenye taa moja, na kwamba kuongeza taa mbili ili zote zifanye pembetatu kunapunguza kosa hilo. Anayesubiri kuingia barabarani anapata umbo linalokua badala ya nukta moja isiyosema iko mbali kiasi gani. Kinachofanya kazi hapo ni umbali kati ya taa na taa, na taa mbili za kiasi, chini, pande mbili za bampa, zinatosha.

Kuzilenga kunahitaji ukuta wa duka lililokwishafungwa, chaki, na abiria wawili waliokubali kukaa juu ya pikipiki dakika tano. Mita 5 kutoka ukutani, mkato wa mwanga ukae kama sentimita 5 chini ya kimo cha taa, na kama ni wa kupanda upande mmoja, upandie kushoto. Fundi anayelipwa kwa idadi ya taa alizofunga hana dakika hizo tano, na mteja bado hajamdai.